Kiinua Mgongo

Serikali huwapa watumishi wake kiinua mgongo wanapostaafu wakiwa na miaka 60. Kwangu mimi mpango huo ulichelewa miaka minane, kwa sababu mgongo wenyewe uliinama nikiwa na 52, nikaumalizia utumishi nikitembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka 33. Naweza kukuchorea ubaoni jinsi pingili za uti wa mgongo zinavyogongana mtu akikaa nyuma ya bodaboda kwenye njia za Usambara. Kuzizuia zisigongane ndiko kulikonishinda.

Kwa hiyo hela zilipoingia, mke wangu akiwaza bati na mimi nikiwaza pingili, niliamua kuyafuata maneno ya Kiswahili kama yalivyo: kiinua mgongo kikauinue mgongo. Nikapanda basi kwenda Arusha kununua baiskeli ya umeme yenye shokapu mbele na nyuma.

Bei sitaitaja. Mke wangu husoma kila ninachoandika, na bei anayoijua yeye ni ile niliyomwambia.

Mpwa wangu wa Arusha huuza baiskeli za mtumba kutoka Ulaya, zile ambazo wenyewe huzichoka zikiwa bado zinang'aa. Alinipangia tatu uani kama ng'ombe wa mnadani. Ya kwanza ilitoka Uholanzi: ndefu, ya kijivu, imesimama wima kama mwalimu mkuu siku ya wazazi. Mota ilikuwa kwenye kitovu cha gurudumu la mbele, na nyuma kulikuwa na keria pana ya bomba ambayo ungeilazia gunia na bado ukabaki na mahali pa kumkalisha mtoto. Mpwa hakuisifia, nami sikuitazama mara mbili. Siku hizi naiota.

Ya pili ilikuwa na shokapu mbele tu. Nyuma imekaza, na karibu na ekseli ina vitundu vya skrubu ambavyo nilidhani ni pambo.

Ya tatu ilikuwa nyeusi isiyong'aa, rangi ya gari la kiongozi. Matairi yake yalikuwa na meno kama ya trekta. Gurudumu la nyuma halikushikwa moja kwa moja na fremu. Lilikuwa kwenye mikono yake yenyewe inayopanda na kushuka, na katikati ya fremu, pale ambapo Phoenix ya marehemu baba ilikuwa na uwazi wa kupachika panga, pamekaa shokapu nene kama mkono wa mtoto. Betri imefichwa ndani ya bomba la chini. Mota iko tumboni, kwenye pedeli.

“Mjomba,” mpwa akaanza, nikajua napewa somo. Mota ya kwenye gurudumu, alisema, huzunguka kwa mwendo wa gurudumu lenyewe, na mlima mkali ukiipunguza kasi huanza kutaabika na kupata moto. Ya kwenye pedeli husukuma kupitia mnyororo, basi nayo inanufaika na gia kama miguu yako. Ina wati 250 kwa sababu ndivyo sheria za Ulaya zinavyotaka, na ukivuka kilomita 25 kwa saa inaacha kukusaidia. Nguvu yake ya kuzungusha ni nyutoni-mita 85. Hapo akawa amenipata. Hakuna mwalimu wa fizikia aliyewahi kutajiwa nyutoni-mita na mfanyabiashara akabaki na akili timamu.

Betri ni ya wati-saa 500. Nikapiga hesabu kichwani: nusu uniti ya LUKU na chenji kidogo inayopotea kwenye chaja. Nikampigia mke wangu nimwambie kwamba nitapanda mlima kwa pesa isiyofika kikombe cha chai ya mjini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

“Ina keria?”

“Keria ni kitu cha kuongezea tu,” nikamwambia.

Naomba sentensi hiyo isisomwe kwenye wasifu wangu siku ya mazishi.

Mpwa akanipima uzito, kilo 68, akatoa kipampu kidogo chenye saa ya kusomea upepo, akakifunga kwenye shokapu. Tairi la gari dogo hula upepo wa pauni 30 hivi. Shokapu ile ilikula 150, na yeye alikuwa anaongeza na kupunguza kama mpishi anayeonja chumvi. Akanieleza kwamba ukiikalia inatakiwa izame kidogo, robo au karibu theluthi ya mwendo wake wote, ili tairi lipate nafasi ya kushuka shimoni na kupanda kwenye jiwe bila kukushirikisha. Nikaipanda, nikapita juu ya tuta la barabarani bila kupunguza mwendo. Nikasubiri mgongo useme neno lake. Haukusema. Miaka minane haujawahi kunyamaza mbele ya watu.

“Kipampu nitakutumia kwa basi wiki ijayo, Mjomba,” alisema mpwa wakati nahesabu noti. Safari ya kurudi haina la kusimulia, ila konda aliitoza baiskeli nauli ya mtu mzima.

Lushoto ndiko Wajerumani walikokwenda kupunga upepo enzi zao, wakapaita Wilhelmstal. Walipenda mandhari. Sisi tunaoishi humo tunajua kwamba mandhari ni jina jingine la mteremko. Hapa baiskeli haiendeshwi sana, husukumwa. Utamwona kijana amepakia kuni, au kabichi, au mbao, mzigo umempita kimo, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye fimbo aliyoichomeka nyuma ya kiti, anapandisha kona baada ya kona. Baiskeli kwake ni keria yenye magurudumu mawili. Vilivyobaki, pamoja na pedeli, ni nyongeza ya kiwandani.

Mbele ya watu kama hao ndipo nilipoishusha ya kwangu. Nilijiandaa kwa maswali ya kasi na ya bei. Muuza karoti akaizunguka mara mbili akaniuliza, “Mwalimu, keria iko wapi?” Mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini akasimama, akaiangalia kwa huruma, akauliza keria iko wapi. Mtoto wa darasa la pili, ambaye hana mzigo wowote duniani, naye akauliza. Swali la pili kwa wingi lilikuwa kama inajichaji ikiteremka. Haijichaji. Ukiacha kukanyaga pedeli, gurudumu la nyuma huzunguka peke yake na mota haina habari nalo. Nilieleza hivyo siku ya kwanza kwa michoro, siku ya pili kwa maneno, na kuanzia siku ya tatu nilikuwa nasema, “Kidogo.”

Sasa, shamba letu liko juu, upande wa Magamba. Yaani nikienda sina mzigo, na mota inanipandisha kama mfalme. Nikirudi nina mzigo, na njia yote ni mteremko ambao mota haina kazi nao. Nilinunua nguvu 85 za kupandishia ninapokuwa mtupu. Mke wangu aliligundua hilo jioni ya kwanza, hajasoma fizikia, akalisema huku anachambua mchele.

Nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. “Shikamoo, Mwalimu,” akasema, na kumbe nilimfundisha. Nilimwagiza keria ya nondo, mguu mmoja ushike kwenye ekseli na sehemu ya mbele ishike bomba la kiti, kama za watu wote. Akainama, akaikandamiza baiskeli kwa mkono, akaiachia, akaikandamiza tena.

“Mwalimu, haiwezekani. Hiki kipande cha nyuma kinacheza na hiki cha mbele hakichezi. Keria ikivishika vyote viwili, ama itavunjika, ama shokapu haitacheza tena. Si ndiyo ile springi uliyotufundisha maabara?”

Kijana huyu nilimpa alama 23 kwenye mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Nilisimama pale nikitamani kuiomba ile karatasi niisahihishe upya.

Akanipa njia mbili. Ya kwanza, achomelee kipande cha chuma juu ya shokapu isicheze kabisa, nusu saa tu. Yaani nipate baiskeli ya pili kwa bei ya baiskeli ya tatu. Ya pili, keria ielee: ishikwe na bomba la kiti peke yake, nyuma isiguse kitu. Nikampigia mpwa kumuuliza. Akasema keria za namna hiyo zipo na zinauzwa, mwisho wake kilo 10, ila kwenye baiskeli yangu isifungwe kabla ya kubadilisha bomba la kiti. Mtandao ukakatika kabla hajasema kwa nini. Nikaona ni ushauri wa mfanyabiashara anayetaka kuuza bomba, nikamwambia fundi aichomelee ya kuelea kwa nondo.

“Kilo 10?” mke wangu akauliza. “Hizo si za baiskeli, hizo za mkoba.”

Sababu ya mpwa niliijua Jumamosi iliyofuata. Kwenye usukani, upande wa kushoto, kuna kitufe. Ukiwa umekaa ukikibonyeza, kiti hushuka chenyewe karibu sentimita 15, ili anayeteremka milima apate kuinama nyuma. Bomba lile huingia ndani ya bomba jingine kama antena ya redio. Nilikuwa nateremka kutoka shambani, kabichi tano zimefungwa kwenye keria ya kuelea, tairi la nyuma likizunguka kwa furaha chini yake, mara mbuzi akajitokeza barabarani. Nikapiga kengele. Baiskeli ile haina kengele. Nilichobonyeza ni kile kitufe.

Nikashuka. Keria ikashuka nami, na kabichi nazo zikashuka, zikakutana na lile tairi lenye meno ya trekta. Sauti yake siwezi kuieleza vizuri, ila kama umewahi kusimama jikoni kwenye harusi ya watu 300 saa ya kukata kachumbari, uko karibu. Majani yalinipita kichwani. Magoti yangu yalikuwa sambamba na masikio. Mbuzi hakukimbia hata kidogo. Alikaa pembeni akingoja nimalize kumhudumia.

Nyumbani niliingia na kabichi mbili nzima na mfuko. Mke wangu akafungua mfuko, akachungulia.

“Umeshaikata kabisa. Karoti je?”

Kile kibano cha nondo kilikuwa kimekwaruza lile bomba laini, na tangu siku ile kiti hakikupanda tena. Kwa majuma mawili nilipita mjini nimechuchumaa, watu wakinisalimia kwa kuinama.

Basi nikaona mzigo nibebe mimi mwenyewe. Nikanunua begi kubwa la mgongoni, la wale wanaopanda Kilimanjaro, nikalijaza viazi kilo 15. Baiskeli ilipita juu ya mawe kwa upole uleule wa Arusha. Nilifika Lushoto bila kutikisika, nikashuka, na sikuweza kunyooka. Nilikuwa nimetoa kiinua mgongo kununua chombo cha kuponya mgongo, kisha nikafanya mgongo kuwa keria ya chombo hicho. Nilijipaka dawa ya kuchua bila kumwomba mtu msaada, jambo ambalo kwa mtu aliyeinama linahitaji ukuta.

Kwa kosa lililofuata hapo naulaumu usomi. Niligundua kwamba nikiwa na begi lile baiskeli ilizama zaidi ya ile theluthi, na kila shimo lilimalizika kwa kishindo. Ufumbuzi ni kuongeza upepo kwenye shokapu. Uzito umeongezeka, upepo nao uongezeke. Kipampu cha wiki ijayo kilikuwa bado cha wiki ijayo. Nikaenda kwa kijana wa pancha karibu na stendi. Akafungua kifuniko, uso ukamng'aa.

“Valvu hii naijua, Mwalimu. Ni kama ya gari.”

Alikuwa sahihi kabisa. Akaibonyeza pini kwa msumari asikilize kama ndani kuna upepo. Upepo ulikuwemo. Ulitoka wote kwa sauti moja ndefu, na baiskeli ikapiga magoti ya nyuma mbele ya stendi nzima, taratibu, kama ngamia anayesubiri kupakiwa. Akaifunga kompresa. Kompresa ikanguruma, ikatetemeka, ikaishiwa pumzi kabla shokapu haijanyanyuka hata nusu. Waliokuwepo walinipa pole. Mmoja akauliza kama hapo ndipo keria inapofungwa.

Nikiikokota nyumbani ikiwa imekaa vile niliwafikiria watu wa Goma, huko Kongo. Wao wana chukudu: mbao, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, usukani kama pembe za ng'ombe. Haina pedeli, haina mnyororo, wala waya. Inabeba magunia ya viazi na mkaa ikiteremka kutoka vilimani, na mji umeijengea sanamu. Chombo changu kina mota, shokapu mbili na kioo cha kuonyesha chaji, na watu wananipa pole.

Mpwa alituma kifurushi mwezi wa tatu. Kilikuwa na kipampu, bomba la kawaida la kiti na keria ndogo ya alumini iliyoandikwa kilo 10. Nilivifunga vyote kwa utii. Kisha nikakaa nikafikiri kama nilivyopaswa kufikiri Arusha: ni mzigo gani usiozidi kilo 10 unaochukia mtikisiko kuliko kitu chochote? Kuku wa jirani akajibu.

Mayai. Trei moja ya mayai 30 haifiki kilo mbili. Ndugu yetu anafuga kuku wa mayai bondeni, chini ya barabara ya Soni, mwisho wa njia ya mawe ambayo bodaboda hula yai moja katika kila kumi. Mke wangu ana genge. Nilianza na trei mbili, nikafika nayo yote. Nikaenda na tatu, yote. Safari hii mzigo ulikuwa unapanda, kwa hiyo hata mota ilipata kazi. Kwa majuma manne nilikuwa mtu wa maana. Mke wangu aliacha kuuliza juu ya keria, na siku moja alimwambia mteja, nikimsikia kwa masikio yangu, “Haya hayajapata hata ufa, yameletwa na Mwalimu.”

Siku ya trei nne niliyafunga kwa mpira wa tyubu, ule mkanda mweusi ambao Tanzania nzima imefungwa nao. Ncha niliiacha ndefu kidogo. Nilikuwa nimeshatoka kwenye njia ya mawe, niko juu ya lami, kona kali, nikaweka msaada wa juu kabisa. Ncha ikadondoka, ikaingia kwenye mnyororo. Kwenye Phoenix miguu ingehisi kitu kimekwama, ingesimama. Zile nyutoni-mita 85 hazihisi. Ziliuvuta mpira, mpira ukauvuta ule mkono wa kubadilishia gia, mkono ukajipinda ukaingia katikati ya spoku, na gurudumu likasimama kama lililochomelewa. Nilibaki wima kwa muujiza. Mayai yote 120 mazima.

Haikusukumika. Nilijaribu kuinyanyua nyuma na kuitembeza kwa gurudumu la mbele, mgongo ukanikumbusha umri wake. Nikakaa ukingoni na trei zangu mapajani. Baada ya muda akatokea kijana anapandisha Phoenix tupu, ametoka kushusha kuni huko chini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Imekufa?”

“Haijafa. Chaji imejaa.”

Akakitazama kioo, kweli taa nne kati ya tano zilikuwa zinawaka. Akaitikisa baiskeli kuisikilizia.

“Ina kilo ngapi?”

“Ishirini na nne.”

Akacheka. “Mzee, hiyo siyo mzigo.”

Akaibeba kwa mkupuo mmoja, akailaza ubavu juu ya keria yake, akaifunga kwa mpira wangu mwenyewe uliobaki. Akachomeka fimbo yake nyuma ya kiti, tukaanza kupanda. Yeye alisukuma huku akipiga mluzi. Mimi nilimfuata nimekumbatia trei nne kama mtu anayepeleka posa. Kila tuliyepishana naye alimsalimia yeye kwanza. Mlangoni mwa mji tulipumzika mara moja, kwa ajili yangu.

Mke wangu alikuwa mbele ya genge. Alipokea mayai, akayahesabu, hakuna lililopasuka. Ndipo akainua macho akaiangalia Phoenix, na kilicholala juu yake, kwa muda mrefu.

“Haya,” akasema. “Leo imepata keria.”